Jina Tupu la Baba

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kazini kwake Mikocheni, nikasikia vijana wakimwita Mista Shomari. Shomari ni jina la baba yangu.

Baba alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja. Siku moja, nikiwa mtoto, mama alikwenda msibani, basi baba akaenda nami kazini. Niliketi jikoni kwenye harufu ya vitunguu na siagi, nikichungulia ukumbini. Wageni walipoingia, Mzungu akawatambulisha: Mista huyu, Mista yule, hata kijana mmoja ambaye ndevu zilikuwa hazijamwota. Nikajua Mista ni ukoo, na wote pale ni ndugu.

Kisha baba akaingia na sinia. Mzungu akamwonyesha kwa kidole, akasema, "Shomari."

Nilishtuka. Kwetu Temeke hakuna aliyelitaja jina lile tupu namna hiyo. Vijana walimwita Mzee Shomari, tena baada ya shikamoo. Mama ndiyo kabisa, hakulitamka. Kwake alikuwa Baba Zuhura.

Njiani kurudi nikamuuliza, "Baba, sisi si wa ukoo wa Mista?"

"Sisi hatumo, mwanangu."

"Basi mwambie akuite Mzee."

Baba alicheka kidogo, akaacha. Akavua kofia, akafuta uso.

"Zuhura, uliyoyasikia kule usimwambie mama yako."

Sikumwambia. Tulipofika, mama alitoka mlangoni kumpokea. "Pole na kazi, Baba Zuhura." Baba akainama kufungua viatu, wala hakuitika.