Mshono wa Mkono wa Kushoto

Bosi wangu, fundi cherehani aliyetoka Hongkong, ana neno kwa kila kishawishi. Duka letu liko Scarborough, kati ya kinyozi na duka la simu, na Kikantoni changu chote nimekiokota humo. Ukitaka cha kutafuna na njaa huna, basi mdomo wako una upweke. Ukitamani jambo usilothubutu, moyo wako unatikisika. Na ukishindwa kuacha kisichokuhusu, husema sau han: mkono unawasha. Sisi tungesema kiherehere tu, yakaisha. Wao wanakitaja kiungo chenyewe kilichokuponza, na kwa hilo nawavulia kofia.

Mimi mkono huniwasha sana. Majira ya baridi yaliyopita mama mmoja wa makamo alileta koti zito tumbadilishie kitambaa cha ndani. Nikaona mfuko mmoja umeshonwa kwa mkono, mishono imepinda ajabu. Hakuna aliyeniomba, lakini niliifumua nikaupiga cherehani, ukanyooka.

Alipokuja kulichukua, aliupapasa ule mfuko. Kisha akamwambia bosi maneno mawili niliyoyajua: yuk tung, nyama inaniuma. Ndivyo wasemavyo wakipoteza kitu cha thamani. Mfuko ule ulikuwa umeshonwa na marehemu mama yake. Nilitamani ardhi inimeze.

"Sau han," bosi akamjibu, akainua mkono wake mwenyewe, kana kwamba kosa ni lake. Sijawahi kumpenda bosi yeyote kama nilivyompenda yule dakika ile.

"Ni mimi, mama," nikasema kwa Kiingereza. "Nisamehe sana."

Bosi akalivuta koti chini ya taa, akanionyesha kwa ncha ya sindano. "Matundu yake bado yapo. Yafuate."

Nikafumua kazi yangu, nikaanza tundu kwa tundu. Uzi ulikataa kulala ulivyolala zamani. Yule mama, aliyesimama nyuma yangu, akasema polepole, "Alikuwa anashona kwa mkono wa kushoto."

Nikahamisha sindano. Ilinichukua saa nzima na nikajichoma mara tatu. Nilipomaliza aliutazama mfuko, akafuta macho.

"Sasa ni mbaya kama alivyouacha," akasema. Akalivaa koti palepale, akatia mkono mfukoni, akauacha humo.