Nimemfukuza fundi wa watu getini

Leo nimemkosesha mtu kazi na huu mdomo wangu tu.

Mnaijua ile suti ya harusi ya bro yangu? Nilienda nayo interview ya kiwanda hapa Thika. Nilikuwa nimewaka kwa mavazi, wacha niseme ukweli.

Kwa foleni kulikuwa na jamaa mrefu anaitwa Barasa, ametoka Mwihoko na akala za tairi.

Nikamwambia, "Buda, hapa si shamba. Na hizo viatu hata soja hatakufungulia."

Watu wakacheka. Yeye akaangalia miguu yake, akasema, "Asante kwa kuniambia, ndugu yangu." Akaenda.

Ni hiyo asante inaniuma.

Ndani, mama wa ofisi hata hakuangalia suti. Aliuliza, "Yule fundi wa cherehani, Barasa, ako wapi? Nilimwambia akuje tu vile alivyo."

Nikajifanya napanga makaratasi yangu. Mimi, na mdomo wote huu.

Baadaye nimerudi nikamwambia huyo mama ukweli. Tumepigia Barasa, simu imezimwa. Mama amesema atamngoja mpaka kesho saa mbili asubuhi.

Watu wa Mwihoko, mtanitusi baadaye. Kwanza nitafutieni Barasa, fundi wa cherehani.

Mwambieni akuje na hizo akala.