Folda ya Fundi Baridi

Fundi wa friji waliyemwita Baridi alikuwa na blogu yake, na watu waliisoma. Aliandika habari za mipira ya milango iliyochoka, kompresa zinazokoroma, na wateja wanaoweka viatu kwenye friji. Zamani kila makala ilimtoa jasho: aiandike, amsomee dada yake mkubwa kwa simu, aigeuze kuwa ukurasa, aupandishe kwenye tovuti kwa mkono, ndipo awatumie wasomaji barua pepe.

"Hapo umemdhihaki mteja," dada angesema. "Mtu anakulisha, nawe unamchora? Futa." Naye alifuta, akinung'unika.

Mwishowe akachoka. Akaipanga kompyuta ifanye yote yenyewe: faili lolote likihifadhiwa kwenye folda ya makala, ukurasa unajitengeneza, unapanda mtandaoni, na barua pepe zinaondoka. Alitembea kifua mbele. Simu kwa dada zikakoma. Kitu kimeshatoka, amsomee cha nini? Alimwandikisha tu awe msomaji kama wengine. Ndivyo tulivyo: tukipata njia ya mkato, wa kwanza kuachwa nyuma ni yule aliyekuwa akitushika mkono.

Kisha dada akaligawa friji la marehemu mama yao bila kumwambia, friji ambalo Baridi alilifufua mara nyingi kuliko alivyokumbuka. Damu ikamchemka. Desturi yake ya zamani ilikuwa kuiandika hasira, kuihifadhi, na kesho yake kuifuta. Basi akaandika kwamba dada yake angemgawa hata mama mwenyewe kama angetokea wa kumbeba. Akahifadhi palepale alipozoea, kwenye folda ya makala, akaenda kazini moyo umepoa.

Alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji la muuza nyama, bisibisi mdomoni, mwenye duka alipoinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Fundi, leo dada yako umemvua nguo sokoni."

Bisibisi ikaanguka. Alikimbia nyumbani akaufuta ukurasa, lakini barua pepe ikishaondoka haina kamba ya kuivuta. Akapiga simu.

"Dada, ile haikuwa ya kutoka."

"Ila ilikuwa ya kuandikwa."

"Hasira tu, dada yangu. Ningeifuta."

"Usijisumbue, mdogo wangu. Nimeisoma mpaka mwisho. Kila nilipolifungua lile friji niliona pale mama alipokuwa akiweka dawa zake. Ungepiga simu ningekuambia."

Baridi aliing'oa ile programu. Akaandika makala fupi ya kuomba radhi, akamtumia dada peke yake, akaapa haitapanda mpaka yeye aseme "sawa". Alama ya kusomwa ilionekana siku ileile. Jibu halijaja. Blogu imesimama kwenye makala ya mpira wa mlango, jinsi ya kuutambua uliochoka, na wasomaji wanaulizana fundi kapatwa na nini.