Usipunguze Mwendo Bado

Nakumbuka siku uliyolala mapajani mwangu ndani ya ndege yenye bawa moja na nusu. Wewe hukumbuki, mwanangu. Ulikuwa mchanga, na mshono wa tumboni ulikuwa haujakauka. Tulitoka Mwanza kwenye upasuaji wako, tunarudi Mpanda, mimi na wewe na rubani basi.

Tulipofika juu ya mapori ya Litapunga, tumbusi, yule ndege mla mizoga, akagonga bawa la kulia. Nilisikia mlio kama bati linachanika. Kutazama dirishani, kipande kikubwa cha bawa hakipo, na ndege imelala upande. Rubani, kijana mpole wa rika langu, akang'ang'ania usukani huku akiongeza moto, mpaka ikakaa sawa.

Mimi Msukuma wa Kasansa, ndege naijua kwa kuiona ikipita. Nikafanya kama abiria wa basi: "Kaka, punguza mwendo, utaniulia mtoto."

"Nikipunguza tunapinduka, dada. Mwendo ndio unatushikilia."

Nilikuogopea mpaka maziwa yakanitoka yenyewe. Na yeye wala hakukimbilia uwanjani. Alizunguka kule kule juu, akapunguza kidogo, tukaanza kulala upande, akarudisha mwendo. Akajaribu tena. Nikamuuliza anachezea nini na roho zetu. Akasema anataka kujua akipunguza mpaka wapi ndege itamshinda, angali juu, ana nafasi ya kukosea.

Alipopajua, akatushusha Mpanda kwa kasi ya kutisha. Tukaumaliza uwanja, tukaingia majanini, tukasimama. Rubani akalaza kichwa kwenye usukani, anacheka huku analia. Mimi nikashuka, nikakaa kwenye majani, nikakufunua nguo nitazame mshono. Mshono ulikuwa mzima. Ukapiga chafya, ukataka kunyonya, nikakunyonyesha pale pale nikicheka.

Sasa juzi umeniambia unafunga mgahawa wako wa Kakese kwa sababu mume ameondoka. Mimi ndiye ninayewaambia nyie kila siku polepole, lakini leo sisemi hivyo. Kesho washa jiko kama kawaida, wateja wakukute, maana hilo ndilo linalokushikilia. Kupumzika kupo, ila ni kwa kujaribu kidogo kidogo. Siku moja funga mapema, usikilize moyo. Ukianza kulala upande, rudi jikoni. Jipime sasa, ungali juu.

Mungu aliyetufikisha kwenye majani yale akushushe na wewe salama. Ukishatua nipigie, nije nitazame mshono.