Gauni la Kupimia

Fundi wangu wa nguo mtaa mzima unamwita Akiba, na jina hilo alilipata kwa kazi yake. Ukimpelekea kitambaa, hata kiwe kidogo vipi, lazima akuachie cha ziada ndani ya mshono, upana wa vidole viwili kila upande, akikunje, akipige pasi kilale. Mafundi wengine wanakata, vipande wanashonea mito. Yeye hapana. Ukimuuliza anakwambia, "Mwili unanenepa bila kupiga hodi. Siku ukija nguo inakubana, nafungua mshono nakupa nafasi, maisha yanaendelea." Kwa maneno hayo ametuvalisha wanawake wa hapa tangu tukiwa wasichana mpaka leo tunatembea tukishika kuta.

Ni mrefu, mwembamba, shingo imeinama mbele kwa ajili ya cherehani. Tepu ya kupimia haimtoki shingoni, hata msibani nimemwona nayo. Anaongea na pini mdomoni na hajameza hata moja. Mume wake alifariki zamani, watoto hawakujaliwa. Chumba chake cha kazi kina cherehani ya miguu, meza ya pasi, kioo kilichopasuka kona, na benchi la wateja. Benchi hilo nimelikalia mimi kuliko mteja yeyote. Ananiita dada kwa sababu nimemzidi umri kidogo. Hatukutoka tumbo moja, lakini ukitukuta tunavyosutana utabisha. Namweleza hivi ili ijulikane ni nani aliyenifanyia nitakayoyasema. Angekuwa mtu baki ningekuwa nimeshasahau.

Mimi nilikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda. Nimesimama mbele ya moto miaka yangu yote ya nguvu, na goti la kulia ndilo lililolipa. Daktari alisema linaweza kupasuliwa likatengenezwa, ila si kwa mwili niliokuwa nao. "Punguza kwanza, bibi. Ukirudi umepungua tutakupangia siku."

Watu walidhani nataka goti ili nitembee. Kutembea ningevumilia. Kilichonichoma ni choo. Kila asubuhi mkwe wangu, mke wa mwanangu, ananishika kwapani kuniinua chooni. Ni mtoto mwenye adabu, wakati ananiinua anatazama ukutani. Huko kutazama ukutani ndiko kunakonikata maini. Nilitaka niinuke mwenyewe, mlango nimeufunga kwa ndani. Basi, sikutaka kingine.

Nikaanza kula nilivyoambiwa: mboga nyingi, wanga kidogo, mafuta ya kuhesabu, sukari ikae mbali. Nilichemsha mchicha kwa maji na chumvi nikaula nimenuna. Kesho yake kabichi, nimenuna vilevile. Haukupita muda nikasukuma sahani, nikajikokota mpaka kwa Akiba nikamwambia nimeshindwa, nitazikwa na mwili wangu.

"Wewe?" akasema, pini zikicheza mdomoni. "Watu wa kiwanda walikuwa wanawahi kazini kwa ajili ya sufuria yako, leo umeshindwa na mchicha?"

"Mchicha hauna ladha."

"Mchicha hauna kosa. Unaupika kwa hasira, kwa hiyo unakula hasira. Pika kama unampikia mtu."

"Mtu gani? Nyumbani hawazitaki hizo mboga."

"Nipikie mimi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na siwezi kusema uongo, ilikuwa raha. Upishi wangu wote ukarudi mikononi. Nyanya na vitunguu nilivibabua kwenye kikaango kikavu mpaka ngozi inaungua, ndipo navisaga na tangawizi na kitunguu saumu. Boga nililioka na mdalasini, halina sukari na ni tamu. Matango nilikata membamba, ndimu, pilipili mbichi, majani ya giligilani juu. Sahani za maua zilizokuwa kabatini zikisubiri wageni nikazitoa, kwa sababu nilijiambia mgeni ni mimi. Mchana mkwe ananibebea kikapu mpaka kwa Akiba, tunaondoa pasi mezani, tunatandika kanga, tunakula. Fundi viatu wa mlango wa pili alikuwa anachungulia.

"Kina bibi, hicho kinachonukia ni dawa au chakula?"

"Ni dawa," Akiba anamjibu. "Wewe si mgonjwa, rudi kwenye soli zako."

Kitu kimoja Akiba alikipenda kupita vyote, karanga. Mwanzo nilikuwa natia kijiko kimoja cha karanga za kusaga kwenye mboga, zipate uzito. Akaniambia, "Dada, leo karanga umezinyima." Nikaongeza. Akasema tena. Mwisho nikawa namimina kwa bakuli, mboga zinanata, tunafuta sahani kwa vidole tunacheka. Niliona karanga ni mbegu ya shambani, ina ubaya gani.

Sasa kupima. Mizani sijawahi kuiamini, mshale unatikisika kama mlevi na namba zake hazinikai kichwani. Nikasema nitapima kwa gauni. Ninalo gauni la bluu, Akiba alinishonea siku nilipoagwa kiwandani, lina zipu ubavuni. Lilikuwa limeacha kunienea, zipu inafika kiunoni inagoma. Nikamwambia kila mwisho wa wiki nitalivaa mbele ya kioo chake, tuone zipu inapanda wapi.

"Vizuri," akasema. "Gauni halina upendeleo." Alisema yeye, kwa mdomo wake.

Wiki ya kwanza zipu haikusogea. Ya pili haikusogea. Ya tatu nikalivua nikalitupa kwenye benchi, nikamwambia naenda dukani kununua keki, tena nitaila njiani watu wanione. Akaliokota, akaliangalia.

"Zipu yenyewe ina kutu. Niachie nikubadilishie."

Nikamwachia. Nilipolivaa tena, zipu ilipanda kama imepakwa sabuni, ikapita kiuno, ikafika mbavuni. Nilijishika mashavu. Akiba akapiga makofi. Fundi viatu akatia kichwa mlangoni, akasema, "Bibi, ukiendelea hivi tutakutafuta kwa tochi."

Baadaye zipu ikagoma tena karibu na kwapa. Akiba akasema pindo limefumuka, niachie nilishike. Liliporudi likafunga mpaka juu, na mkono wangu ukaingia kati ya gauni na mwili.

Niliringa. Nani asingeringa? Wanawake wa mtaa walianza kuja na sufuria zao nyumbani, nikawaonyesha kubabua nyanya, nikawaonyesha kipimo cha ndimu, na nikawaambia, "Mimi huyu mnayeniona, nimepungua huku nakula nashiba." Niliwapitishia mkono ndani ya gauni washike wenyewe.

Kuna siku nikaona mstari wa bluu iliyokoza ubavuni, kando ya mshono, mahali pengine gauni limeshapauka. Nikamuuliza Akiba.

"Hapo palibanwa na nyama, dada, jua halikupafikia," akasema. "Sasa umepungua, pametoka nje."

Nikaamini. Niliyeishi na wezi wa jikoni kiwandani, niliyekuwa najua mtu kaiba sukari kwa kumwangalia tu anavyotembea, niliamini.

Siku ya hospitali ikafika. Nilivaa gauni la bluu, nikajipaka mafuta, mkwe akaniitia teksi. Nesi alikuwa msichana mchangamfu. Nikapanda mizani. Akaangalia, akainama akaangalia tena.

"Bibi, hujapungua. Umeongezeka."

"Mizani yako mbovu."

"Imekuja juzi tu, bibi."

"Ndiyo maana haijazoea kazi. Angalia gauni hili, lilikuwa halifungi, sasa linaingia mkono." Nikamwonyesha. Wagonjwa kwenye viti wakaangalia.

"Gauni zuri sana, bibi," akasema, na kwa upole kabisa, "lakini hapa hatupimi gauni."

Akaniuliza ninachokula, nikamtajia kwa fahari. Alipofika kwenye karanga akauliza kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akashusha kalamu. Akanieleza kwamba karanga ni chakula kizuri, ila zimejaa mafuta, na bakuli la namna ile linashinda mboga zote nilizokula. Daktari hata hakunikaripia. Alisema tu siku ya upasuaji hawezi kunipangia bado, nirudi nikiwa tayari.

Nyumbani mkwe alinivua gauni, likalala kitandani likiwa limegeuka, ndani nje. Dirisha lilikuwa wazi na jua linaingia. Nikaona safu ya vitobo vidogo vya sindano, imenyooka toka kwapani mpaka nyongani. Pembeni yake safu nyingine. Mshono wenyewe ulikuwa umehamia ukingoni kabisa, kile kitambaa cha ziada kimekwisha chote. Nikapitisha kidole. Ubavu wa pili vilevile.

Mkwe naye aliona. "Mama, labda ni cherehani tu ilirukaruka."

"Nyamaza, mwanangu. Niletee fimbo yangu."

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Maneno hayo nimeyasikia tangu utoto nikidhani yanahusu chawa.

Nilimkuta Akiba ameinamia cherehani. Alikuwa anajua nimetoka hospitali, na hakuniuliza wamesemaje. Hapo ndipo nilipopata hakika.

"Ulifungua mshono mara ngapi?"

Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kijimto.

"Mara mbili."

"Kwa nini?"

"Ulishakuwa unakwenda kununua keki, dada. Nikasema nikupe moyo kidogo, mwili utafuata, na mimi nitarudisha mshono polepole wala usijue."

"Mwili haukufuata."

"Haukufuata."

"Ukaniona nanenepa, wewe mwenye tepu shingoni, ukafungua tena. Halafu ukaniambia habari za jua na nyama."

Akaivua tepu shingoni, akaanza kuiviringisha.

"Na karanga je?"

Alikalia benchi langu. "Karanga nilikuwa nazipenda. Tangu nifiwe, mchana nakunywa chai nimesimama, narudi kwenye kazi. Halafu ukaanza kuja na sahani za maua. Nikaona nikikwambia ukweli utakasirika, utaacha kupika, na mimi nitarudi kwenye chai."

"Kwa hiyo umenilisha uongo ili nikulishe mboga."

"Si hivyo, dada."

"Niambie basi ni vipi."



Tumbo ningelisamehe. Njaa naijua, na kula peke yako nakujua. Kinachonikaa kooni ni kwamba alinihurumia. Alinitazama mimi, akaona siwezi kubeba ukweli, akanifanya kama mtoto anayefichiwa dawa ndani ya asali. Mkwe wangu walau anatazama ukutani. Akiba alinitazama usoni, akapiga makofi.

Nikamwekea gauni mezani. "Rudisha mshono pale ulipokuwa mwanzo."

Akarudisha. Mguu ulikuwa unakanyaga cherehani bila mwendo wake wa kawaida, unasita, unakwenda. Alipomaliza nikasema, "Sasa kata cha ndani."

"Cha ndani hakikatwi, dada."

"Kata."

"Nikikata hakuna pa kurudi. Siku likikubana nitafanyaje?"

"Likinibana nitajua limenibana."

Akashika mkasi. Katika maisha yake yote sijamwona akikata akiba ya mtu, hata ya mteja aliyemtukana. Vipande vya bluu, rangi mpya kabisa kama vimetoka dukani, vilianguka chini kimoja baada ya kingine. Fundi viatu alikuja na utani wake mdomoni, akatuona, akarudi. Nikakunja gauni langu nikaondoka. Nyuma yangu sikusikia cherehani.

Tangu hapo napika nyumbani. Nyanya bado nazibabua, boga bado naoka, kurudi kwenye kuchemsha siwezi, ulimi umeshaonja. Karanga ni kijiko kile cha mwanzo, na nakipangusa kwa kisu kiwe bapa. Wanawake niliowafundisha niliwaita tena nikawaambia lile bakuli la karanga waliache. Mmoja akauliza, "Si ulisema umepungua, bibi?" Nikamwambia nilisema. Chakula kinatoka kitamu, mkwe mwenyewe sasa anachovya kidole. Nakilia chumbani kwangu kwenye sahani ya maua, moja. Ya pili nimeirudisha kabatini.

Juzi fundi viatu alipita akaniambia Akiba anauliza siku hizi mboga natia nini. Nikamjibu, "Mwambie ndimu." Akasubiri kama kuna salamu nyingine. Haikuwepo.

Hospitali nilirudi. Safari hii mshale ulikuwa umerudi nyuma kidogo, na nesi akafurahi, akaniambia nikiendelea hivi nitapangiwa siku. Nikamwambia apime tena. Akapima. Nikamwambia alete mizani nyingine. Akacheka akidhani natania, mpaka alipoona sishuki.

Asubuhi mkwe bado ananiinua, bado anatazama ukutani. Mwisho wa wiki nalitoa gauni la bluu, zipu imeshapita kiuno, inakaribia mbavu. Lakini kabla ya kulivaa naligeuza ndani nje, nalipeleka dirishani, napitisha kidole kwenye mshono toka kwapani mpaka nyongani, kutafuta vitobo vipya. Nafanya hivyo kila mara, ingawa halijatoka kabatini mwangu tangu siku ile, na ufunguo nimeufunga kwenye kanga niliyovaa.