Mchezo wa televisheni ulionikuta na baba mukwe wangu kwenye shule ya wauguzi, Kindu

Wakuu, jambo kwenu nyote, wa mbali na wa hapa Maniema.

Mimi ni bibi, shule yangu ya kawaida iliishia primeri, maandishi mtanivumilia. Lakini majina ya watu siyasahau, na ambacho sikukiona kwa macho yangu sitakitia humu.

Naanza na waliokuwepo.

Citoyen Kitenge, mwalimu wetu. Enzi za Zaire hizo, kila mtu ni Citoyen, yaani mwananchi, na asubuhi tunaimba na kucheza nyimbo za chama kwanza ndiyo tuingie darasani.

Asumani wa Lokandu, mtoto wa mvuvi, mdomo wake haukujua kufungwa.

Feza, mdogo wangu. Mama zetu tumbo moja.

Mimi, niliyekuwa najifunza kuzalisha.

Na baba mukwe wangu, mdogo wake baba wa mume wangu. Alikuwa muuguzi wa siku nyingi kule Kailo, wakamrudisha darasani ajifunze mambo mapya pamoja na sisi watoto. Jina lake nalijua vizuri. Silitaji, ni mukwe.

Kwa wageni wa desturi: kwetu mwanamke hamtazami baba mukwe usoni. Hamwiti jina. Kumwamrisha, hilo hata usiliwaze. Heshima hiyo tunaiita bukwe.

Haya. Citoyen Kitenge alikuwa ametoka kusoma ng'ambo, akarudi na mashine ndogo ya kuunganisha na televisheni. Gurupu, ile jenereta ya shule, ikiwashwa tu, tunakimbilia darasani. Anaweka kaseti, kaseti inalia kama kuku anayefukuzwa, halafu mchezo unatokea.

Aliutunga mwenyewe. Mama amelala, ametoka kuzaa, anavuja damu. Amechorwa kwa nukta nukta, lakini wakuu, tulimhurumia kama mtu.

Watatu wanashika vifungo vyenye nyaya ndefu: mmoja serumu, yale maji ya mshipani, mmoja damu, mmoja kukanda tumbo. Hao watatu wanaelekea ukutani, televisheni hawaioni. Wa nne peke yake ndiye anaiona, na kazi yake ni kusema mama anahitaji nini.

Akinyamaza, mama anakufa. Wakibonyeza ovyo, anakufa vilevile.

Tulicheza wiki nyingi tukipokezana, na zamu yangu ya kuona nilikuwa naikwepa. Naomba ruhusa ya kwenda nje, au namsukumia Feza.

Siku ya mtihani Citoyen Kitenge akachagua mwenyewe. Mimi mbele ya televisheni. Feza serumu, Asumani tumbo, baba mukwe damu.

"Nawapa mara mbili," akasema. "Kikundi kitakachoua mama hakiendi maternite."

Mume wangu Ramazani alinipa mwaka mmoja tu wa kusoma, halafu nirudi shambani. Nisipoenda maternite, kule wodi ya wazazi, mwaka ule, basi, kuzalisha kumekwisha.

Mchezo ukaanza. Serumu, nikasema. Tumbo, nikasema. Ule mstari wa damu ya mama pembeni ya televisheni ukaanza kushuka, na mwenye kifungo cha damu ni baba mukwe.

Nikamnong'oneza Feza: "Ambia baba, tafadhali, kama anaweza..."

Feza akageuka kunisikiliza, serumu yake ikaisha. Televisheni ikalia tiiiii. Mama amekufa.

"Nani ameua huyu mama?" Citoyen Kitenge akauliza.

Asumani hakuchelewa. "Bukwe, Citoyen. Bukwe njo imemuua."

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. "Basi bukwe itawarudisha nyumbani wote wanne."

Mimi machozi yalikuwa karibu. Hapo nikasikia baba mukwe anakohoa. Hakugeuka. Akaongea na ukuta uliokuwa mbele yake:

"Weye ukuta. Weye hauna mukwe. Yule mama akikosa damu, uniambie. Na uniambie kwa nguvu, masikio yangu ni ya zamani."

Wakuu, nilielewa palepale. Nyumbani tulizoea: nikitaka kumwambia chakula tayari, naongea na mtoto au na mbuzi, yeye anasikia. Sikuwahi kufikiri kwamba darasani pia inaruhusiwa.

Kaseti ikalia tena. Damu ikaanza kushuka.

"Ukuta! Damu!"

"Ukuta, nimesikia damu. Damu imeenda!"

"Feza, serumu!"

Feza naye akajibu kwa ukuta: "Ukuta, serumu imeenda!" Asumani ndiye alipiga kelele kuliko wote, utafikiri anauza samaki. Kila neno lilipata jibu. Ile damu ya pembeni ikapanda, ikapanda, mashine ikapiga kamuziki kake. Mama amepona.

Citoyen Kitenge aliketi juu ya meza. "Kujibu," akasema. "Anayeambiwa ajibu kwamba amesikia. Wiki zote hizi nawaomba hicho, na mmefundishwa na ukuta!"

"Citoyen," Asumani akasema, "basi na ukuta upewe diploma."

Tulienda maternite sote wanne.

Huko, mchana mmoja, alikuja mama wa kweli, anavuja damu ya kweli. Niliyekuwa karibu naye ni mimi. Sikuwaza bukwe, sikuwaza mtihani. Nilipaza sauti, "Ukuta! Damu!" na nyuma yangu sauti ya mzee ikajibu. Daktari aligeuka akautazama ukuta, akarudi kwenye kazi yake.

Yule mama alipata nguvu, akamuuliza Feza tulikuwa tunamwita nani.

"Mkubwa wetu wa kazi," Feza akamwambia. "Hasemi sana."

Niliendelea kuzalisha hadi magoti yalipokataa. Ramazani hakulitaja tena shamba.

Nilichojifunza: penye mgonjwa, aliyeona aseme, na aliyeambiwa ajibu. Heshima itatafutiwa njia yake, haikosekani.

Nyinyi wauguzi wa siku hizi mnafanyaje mkipangwa zamu moja na mukwe? Semeni hapa chini. Na waliosoma na sisi, au watoto wao: naona kama Asumani alishika tumbo na Feza serumu, lakini huenda nimewabadilisha. Kama nimekosea, nisahihisheni, sitanuna.