Bakuli la Wayunani na Kengele ya Mzee Sironga

Mwanangu, ipo siku moja ya miaka ya sabini ninayoikumbuka kwa aibu hadi leo. Nilikuwa kijana wa kijiji cha Kansay, jirani na Wamaasai, nimepata kazi ya kuongoza wageni Ngorongoro, na Kiingereza kilikuwa kimenipanda kichwani. Debe tupu haliachi kuvuma.

Tulisimama na wageni ukingoni mwa lile shimo kubwa, Mzee Sironga akapita na ng'ombe wake. Huyu ni Mmaasai aliyempa baba yangu mtamba mwaka wa njaa. Tangu utotoni nilimwinamia anishike kichwa, kama watoto wa kwao wanavyosalimu. Siku hiyo sikuinama, wageni walikuwa wananitazama.

Mgeni mmoja, mama mwalimu, akauliza maana ya Ngorongoro. Nilipomfasiria mzee, akatikisa kengele ya ng'ombe, ikalia ngoro-ngoro, ngoro-ngoro.

"Inajitaja yenyewe. Sikiliza."

Nikacheka. Nikawaambia wageni hizo ni hadithi za wachungaji, jina la kitaalamu ni kreta. Mzee hakujua Kiingereza, lakini kicheko hakihitaji mkalimani. Akaswaga ng'ombe wake akaondoka.

"Na kreta maana yake nini?" mama yule akauliza.

Nikamwonyesha lile shimo kwa kidole. Akafungua kamusi yake: ni neno la Wayunani wa kale, bakuli la kuchanganyia divai. Bakuli, mwanangu! Chombo cha nyumbani tu, kama kibuyu cha pombe cha mama yangu.

Jumapili nikaenda bomani kwa mzee, nikamweleza yote niliyowaambia wageni, nikainamisha kichwa. Mkono haukuja. Nikabaki nimeinama mpaka shingo ikauma.

"Kengele uliicheka kwa sababu ni yangu," akasema. "Hilo neno la wageni, uliuliza limetoka wapi?"

"Sikuuliza, baba."

"Basi wewe bado layoni."

Ndivyo wanavyomwita mvulana ambaye hajatahiriwa. Liliniingia mpaka kwenye mfupa.

Akaniketisha hadi ng'ombe waliporudi. Kengele zikaja zikilitaja jina la nchi ile, polepole, nami nikalia bila kujificha. Ndipo mkono wake ukanigusa kichwani.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Soma Kiingereza, mwanangu, ukisome hasa. Lakini usijivunie neno ambalo hujauliza lilikozaliwa, na ukikuta neno limezaliwa bomani kwa jirani, usilicheke. Mungu akupe masikio kabla ya ulimi, na kila utakapoinama, mkono wa mzee usikose kichwa chako.